Faida za kuacha sigara zinaanza ndani ya dakika 20, sasa mbona wiki ya kwanza mtu anazidi kuwa hoi?

#1 Kipimajoto

Wakuu, salaam.

Kila andiko la kuacha sigara lina ile orodha: baada ya dakika 20 mapigo ya moyo na presha vinaanza kushuka, ndani ya siku moja au mbili kaboni monoksaidi (gesi ya sumu ya moshi) imetoka kwenye damu, baada ya mwaka hatari ya ugonjwa wa moyo imepungua nusu, baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Sina ubishi na orodha.

Ninachouliza ni hiki. Ukiisoma unadhani mtu akizima kipisi cha mwisho leo, kesho anaamka mwepesi. Kinachotokea ni kinyume: siku ya pili na ya tatu ana hasira za ajabu, usingizi hauji, kichwa kinagonga, mikono inatetemeka, kikohozi kimezidi, choo kigumu, mdomoni vidonda. Anahitimisha kwamba "mwili ulishazoea, bora niendelee", anawasha.

Hivi vitu vinatoka wapi hasa? Kila kimoja kinadumu muda gani na dawa yake nini? Hadithi za babu aliyevuta mpaka miaka 90 tuziache kwa leo. Tiririkeni.

#2 Bawa la Nzi

Nimeshakaa siti ya mbele. Wajuzi njooni.

#3 Dozi Kamili

Mtoa mada, karibu yote uliyotaja ni arosto ya nikotini (mwili kudai kile kilevi cha tumbaku ulichokizoea), tuanzie hapo.

Nikotini ikivutwa inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kwenye damu, kiasi chake kinapungua nusu kila baada ya saa 2 hivi. Piga hesabu: aliyevuta ya mwisho saa 4 usiku, ikifika saa 12 asubuhi amebakiwa na sehemu 1 kati ya 16. Ile sigara ya asubuhi inayosifiwa kuwa tamu kuliko zote, kazi yake ni kuzima arosto ya usiku kucha.

Ubongo wa mvutaji wa muda mrefu umeongeza vipokezi vya nikotini, yaani sehemu ambazo nikotini hushikia. Akikata ghafla, vipokezi vinabaki vitupu vikidai, na huchukua wiki kadhaa kupungua hadi kawaida. Ratiba ya dalili iko hivi: zinaanza ndani ya saa 24, zinapanda kileleni siku ya 2 au ya 3, zinalegea kati ya wiki ya 2 na ya 4. Njaa ndiyo inayochelewa kuondoka. Hamu yenyewe inakuja kwa mawimbi, na wimbi moja ni dakika chache, linapita hata usipovuta.

Kujua nani atapata tabu zaidi, muulize swali moja: sigara ya kwanza anaivuta muda gani baada ya kuamka? Ndani ya dakika 5, jiandae kumpa dawa. Baada ya saa nzima, ana nafuu. Jibu hilo linaeleza mengi kuliko idadi ya sigara za siku.

#4 Hesabu Kali

Kabla hatujaenda mbali, tuweke kumbukumbu sawa kwenye #1. Kinachopungua nusu baada ya mwaka ni hatari ya ZIADA ya ugonjwa wa moyo. Mfano wa kuelewesha tu: asiyevuta awe na hatari ya 10 kati ya 1,000, mvutaji 20 kati ya 1,000. Ya ziada ni 10, nusu yake ni 5, kwa hiyo baada ya mwaka yuko kwenye 15. Kukaribia kabisa asiyevuta ni kama miaka 15. Kiharusi ni kati ya miaka 5 na 15.

Na kwa wale wa "nimeshazeeka, nitaacha ili iweje": madaktari wanaume wa Uingereza walianza kufuatiliwa mwaka 1951 na Richard Doll na wenzake, ripoti ya miaka 50 ikatoka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema. Aliyeacha na miaka 60 alirudishiwa takribani miaka 3, aliyeacha na 50 miaka 6, na 40 miaka 9, na 30 karibu yote 10. Mzee wa miaka 60 miaka 3 si kidogo.

#5 Mama Nondo

Dozi Kamili umeeleza vizuri ila kuna mtuhumiwa umemwacha nje ya kesi: kahawa.

Moshi wa tumbaku una kemikali zinazotokana na kuungua kwa majani, na hizo zinachochea kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP1A2. Kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja kafeini. Kwa mvutaji kafeini inapungua nusu ndani ya saa 3 hadi 4, kwa asiyevuta ni saa 5 hadi 6. Akiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki moja hivi, lakini vikombe vya kahawa ni vilevile. Kafeini kwenye damu inaweza kupanda hadi mara mbili bila yeye kuongeza hata tone.

Sasa chukua dalili za kafeini iliyozidi uzilinganishe na #1: mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, wasiwasi, kichwa, usingizi kukataa. Mtu anadhani ni sigara inamwita kumbe kalewa kahawa.

Cha kufanya: kuanzia siku ya kuacha, punguza kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa nusu, na kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 6 mchana. Usikate vyote kwa mpigo, kafeini nayo ina arosto yake, inapiga kichwa vibaya.

Na hili si la kahawa tu. Dawa zinazopita kwenye kimeng'enya hicho hicho zinapanda pia: clozapine na olanzapine za magonjwa ya akili, theofilini ya pumu. Anayetumia hizo amwambie daktari KABLA ya kuacha, dozi ipunguzwe na damu ipimwe. Clozapine ikipanda inaleta usingizi mzito, mate kutoka ovyo, hata degedege. Kumvalisha plasta ya nikotini (inayopitisha nikotini kwenye ngozi bila moshi) hakuzuii hilo, kwa sababu kinachochochea ini ni moshi, nikotini haihusiki. Anayechoma insulini naye apime sukari mara nyingi zaidi wiki hizo, anaweza kuhitaji dozi ndogo.

#6 Mchokonozi

Yaani sigara imeua watu miaka nenda rudi, siku inaachwa kesi anabebeshwa kahawa. Haya.

Swali dogo tu: asiyegusa kahawa wala chai mbona naye wiki ya kwanza anagombana hadi na kivuli chake?

#7 Dozi Kamili

Mchokonozi kwa mara ya kwanza umeongea. Hasira, huzuni na kushindwa kutulia vinapungua ukimpa mtu plasta ya nikotini, kahawa yake usiiguse. Chanzo kingekuwa kafeini, plasta isingefanya kitu. Kahawa ni nyongeza juu ya tatizo.

#8 Mama Nondo

Hasira nakuachia. Kutetemeka mikono sikuachii. Orodha rasmi ya arosto ya nikotini ina hasira, wasiwasi, kushindwa kuzingatia, njaa, kutotulia, huzuni na kukosa usingizi. Kutetemeka hakumo. Nikotini yenyewe ndiyo inayotetemesha mikono, kwa hiyo ikiondoka mikono ilitakiwa itulie. Isipotulia, hesabu vikombe.

#9 Kijiti

Wote mnacheza na damu na ini, mmesahau mkono. Mtu wa sigara 20 kwa siku, kila moja pafu 10, anapeleka mkono mdomoni mara 200 kwa siku, zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka. Kila mara kuna kitu kinachomkumbusha: kikombe mezani, simu sikioni, kupanda gari, kumaliza kula, kukaa na watu wale wale.

Ushahidi upo. Mvutaji ukimpa sigara iliyotolewa nikotini, hamu yake inapungua kwa muda ingawa hakuna kilichoingia kwenye vipokezi. Na upande wa pili, mtu wa plasta ambaye damu yake ina nikotini ya kutosha bado anashikwa na hamu akiona kiberiti. Nikotini peke yake haielezi hayo.

Tiba yake ni kazi ya mikono. Wiki moja kabla ya siku ya kuacha, karatasi ndogo ikae ndani ya pakiti, kila sigara iandikwe saa, mahali, na ulikuwa unafanya nini. Mwisho wa wiki utaona sigara chache zinazotokana na njaa ya kweli ya nikotini (asubuhi, baada ya safari ndefu) na nyingi zinazotokana na mazoea. Hizo za mazoea kila moja iandalie mbadala kabla: baada ya kula nyanyuka mezani mara moja, kahawa inywewe sehemu nyingine na kwa mkono mwingine, simu ipokelewe ukitembea. Vyombo vya majivu, viberiti na akiba za "dharura" vitoke nyumbani na kwenye gari usiku wa kuamkia siku hiyo. Pakiti ya dharura ndiyo inayotafuta dharura.

#10 Sumaku

Mimi nilichosoma ni kwamba kikohozi kikizidi ni uchafu unatoka, na baada ya miaka 7 mapafu yanakuwa mapya kabisa. Kuna na dawa za kusafisha mapafu, ukinywa yanarudi kama ya mtoto. Kwa nini wataalamu hamzitaji?

#11 Pafu Moja

Sumaku, hazitajwi kwa sababu hakuna kinywaji, mvuke wala kidonge kinachosafisha lami kwenye mapafu. Unachokunywa kinaenda tumboni.

Kikohozi nacho kina maelezo mawili yanayogombana. La kwanza: njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi juu. Moshi unavilemaza. Moshi ukikoma vinaamka na kuanza kufagia, kwa hiyo makohozi yaliyokuwa yamekaa yanapanda. La pili: moshi wenyewe hufifisha hisia za kukohoa kwenye koo, ukiacha hisia zinarudi ndani ya wiki mbili hivi na mtu anakohoa kwa kitu ambacho zamani asingekihisi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Na wapo wengi tu ambao kikohozi hakizidi kabisa, kinapungua tangu wiki za mwanzo.

Cha kufanya: maji ya kutosha, usinywe dawa ya kuzuia kikohozi chenye makohozi, na weka mpaka. Kikipita wiki 3 bila kupungua, au kikija na damu, kupungua uzito au maumivu ya kifua, nenda ukapimwe. Usijifariji kwamba ni uchafu unatoka.

Sasa hiyo miaka 7. Mapafu yana sehemu mbili za hesabu. Ukuta wa njia za hewa unajirekebisha; mwaka 2020 watafiti walichunguza chembe hai za njia za hewa za watu 16 wakakuta waliokwisha acha wana kundi la chembe ambazo hazina alama za uharibifu wa tumbaku, nyingi hadi mara nne ya wanaoendelea kuvuta. Hiyo ni habari njema. Lakini vifuko vya hewa vilivyobomoka havijengeki tena, hata baada ya miaka 40.

Faida kubwa iko kwenye kasi ya kupungua. Waliopimwa kwa miaka 11 wakiwa tayari na dalili za mwanzo za mapafu kuziba: wanaume waliodumu katika kuacha walipoteza takribani mililita 30 za pumzi ya sekunde ya kwanza (hewa mtu anayoweza kupuliza kwa nguvu sekunde ya kwanza) kwa mwaka, walioendelea kuvuta takribani 66. Wanawake 22 kwa 54. Walioacha walirudi kwenye kasi ya uzee wa kawaida. Zidisha tofauti hiyo kwa miaka 20 uone nani atapanda ngazi.

#12 Hesabu Kali

Pafu Moja, ongeza kwamba mwaka wa kwanza wa kuacha kipimo hicho kilipanda kidogo kabla ya kuanza kushuka taratibu. Watu wanashangaa kupumua vizuri miezi michache, wanadhani mapafu yamepona. Yamepata ahueni, hayajapona.

#13 Sumaku

Sawa nimekusoma. Ila kwa nini mtu ateseke namna hii? Si apunguze tu polepole, 20, 15, 10, mpaka 1 kwa siku. Au ahamie zile nyepesi. Moja kwa siku itamfanya nini?

#14 Hesabu Kali

Tuanze na moja kwa siku. Mwaka 2018 zilijumlishwa tafiti nyingi za moyo: mwanaume wa sigara 1 kwa siku hatari yake ya ugonjwa wa moyo ilikuwa juu kwa asilimia 48 kuliko asiyevuta, wa 20 kwa siku ilikuwa juu kwa asilimia 104. Yaani umekata sigara 19 umebaki na karibu nusu ya hatari ya ziada. Kwa saratani ya mapafu kupunguza kunasaidia zaidi, kwa moyo na mishipa hakusaidii inavyodhaniwa.

Nyepesi ni kiini macho. Kichujio kimetobolewa matundu madogo ili mashine ya kupimia ivute hewa pamoja na moshi isome lami kidogo. Mtu ana vidole na midomo, anaziba matundu bila kujua, anavuta pafu refu zaidi, anakaa nalo muda mrefu. Nikotini anayoitaka ataipata tu.

Kupunguza dhidi ya kukata: jaribio la mwaka 2016, watu 697. Waliokata siku moja, asilimia 22 walikuwa bado hawajarudi baada ya miezi 6. Waliopunguza kwa wiki 2 kabla ya kukata, asilimia 15.5. Wote walipewa dawa za nikotini na ushauri. Pale ambapo mtu hapewi chochote, wanaodumu ni kama 3 hadi 5 kati ya 100.

#15 Kijiti

Hapo nitakupinga kidogo. Asilimia 15.5 bado ni kubwa kuliko 3. Anayeogopa kukata, ukimlazimisha hatajaribu kabisa. Apunguze, lakini kwa tarehe iliyoandikwa na plasta ikiwa mwilini. "Napunguza" isiyo na tarehe ndiyo inayodumu miaka.

#16 Dozi Kamili

Maadam plasta imetajwa, tueleze matumizi, maana wengi wanaosema "nilijaribu haikufanya kazi" waliitumia vibaya.

Plasta: anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku anaanza na mg 21 kwa wiki 6, halafu mg 14 kwa wiki 2, halafu mg 7 kwa wiki 2. Wa sigara 10 kushuka chini anaanza na mg 14. Inabandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu, safi, isiyo na nywele, kuanzia kiuno kwenda juu au mkono wa juu. Usipake mafuta hapo, haitashika. Bonyeza kwa kiganja sekunde 10. Kesho badilisha sehemu, ile ya leo ipumzike kama wiki moja, vinginevyo ngozi itawaka. Nawa mikono kwa maji ukimaliza. Iliyotumika ikunje upande wa gundi ndani uitupe mbali na watoto, bado ina nikotini.

Kosa la kwanza: plasta inachukua saa kadhaa kufika kiwango chake. Anayeibandika akisubiri raha ya pafu atasubiri sana. Kosa la pili: kuiacha wiki ya 2 kwa sababu "nimepona".

Bigijii ya nikotini: anayevuta ndani ya dakika 30 za kuamka anatumia ya mg 4, mwingine mg 2. Moja kila saa 1 hadi 2 kwa wiki 6 za kwanza, kisha kila saa 2 hadi 4 kwa wiki 3, kisha kila saa 4 hadi 8 kwa wiki 3. Isizidi 24 kwa siku. Na haitafunwi kama bigijii ya kawaida! Tafuna polepole mpaka uhisi pilipili mdomoni, iegeshe kati ya fizi na shavu mpaka ukali upotee, tafuna tena kidogo, badilisha upande. Nusu saa. Ukiitafuna mfululizo nikotini inaenda tumboni, unapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na hamu iko palepale.

Dakika 15 kabla na wakati iko mdomoni usinywe kahawa, juisi wala soda. Asidi inazuia nikotini kupita kwenye ngozi ya mdomo. Mama Nondo atafurahi, kahawa imepata kosa la pili.

Mseto wa plasta (kiwango cha kudumu) na bigijii au peremende ya nikotini (mawimbi) unashinda plasta peke yake. Nafasi ya kufanikiwa inaongezeka kwa takribani robo.

#17 Mchokonozi

Kutoa nikotini kwa nikotini. Si ni kumhamisha mlevi kutoka baa moja kwenda nyingine?

#18 Mama Nondo

Kinachoua kwenye sigara ni moshi: lami, kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali za kuungua. Kaboni monoksaidi inang'ang'ania himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Plasta haina hata kimoja cha hivyo. Halafu inapandisha nikotini polepole, hakuna ule mshituko wa sekunde 10 unaofundisha ubongo kutaka tena. Ndiyo maana wanaoshindwa kuachana na plasta ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, varenicline na bupropion, vidonge vya kuacha visivyo na nikotini, zikafuata 2021.

Varenicline iko hivi: siku ya 1 hadi 3 mg 0.5 mara moja, siku ya 4 hadi 7 mg 0.5 mara mbili, kuanzia siku ya 8 mg 1 mara mbili, jumla wiki 12. Siku ya kuacha inapangwa wiki ya 2, kwa hiyo mtu anameza huku anavuta na anashangaa sigara imepoteza ladha. Inakaa kwenye kipokezi na kukiamsha nusunusu, sigara ikija inakuta nafasi imeshachukuliwa. Kichefuchefu ndiyo kero yake kubwa: meza ukiwa umeshakula na glasi nzima ya maji. Ile hofu kwamba inachanganya akili ilipimwa kwa watu zaidi ya 8,000, nusu yao wenye historia ya maradhi ya akili, matokeo yakatoka 2016: haikuzidi plasta wala kidonge cha bandia kwa kiwango cha maana. Wenye figo mbovu dozi hupunguzwa.

Bupropion asipewe mwenye kifafa au historia ya kujinyima chakula na kujitapisha. Zote mbili ni za kuandikiwa.

#19 Bawa la Nzi

Mtoa mada aliuliza vidonda vya mdomoni na choo, mmeruka.

#20 Pafu Moja

Choo: nikotini inachochea utumbo. Ikikata, utumbo unalegea, kama mtu 1 kati ya 6 anafunga choo. Maji, nyuzinyuzi, kutembea. Ikizidi, dawa ya kulainisha kwa muda mfupi. Hapa ndipo kupunguza kahawa kunapoongeza tatizo, kwa sababu kahawa nayo ilikuwa inasukuma.

Vidonda: huja zaidi wiki 2 za mwanzo, kwa wengi vinaisha ndani ya wiki 4. Wapo wanaosema moshi ulikuwa unaua bakteria, wapo wanaosema ngozi ya mdomo iliyokuwa imekomaa kwa joto na moshi inalainika na kuchubuka kirahisi. Sukutua kwa maji ya chumvi. Kidonda kimoja kisichopona wiki 3, hasa pembeni mwa ulimi au chini yake, kwa mtu aliyevuta, hicho kionwe na daktari wa meno haraka.

Na kuna hili halimo kwenye #1: fizi kutoka damu baada ya kuacha. Moshi unabana mishipa ya fizi, mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa wa fizi bila tone la damu kwenye mswaki. Akiacha, damu inarudi na ugonjwa unajianika. Anadhani kuacha kumemharibia meno, kumbe sasa ndiyo ugonjwa unaonekana. Asafishwe meno.

#21 Hesabu Kali

Tusifiche na upande mwingine. Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana unaoitwa kolaitisi unaweza kuamka baada ya mtu kuacha, sigara ilikuwa inautuliza kweli. Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ni kinyume, kuacha ni sehemu ya tiba. Mwenye kolaitisi bado aache, moyo na mapafu vinalipa, ila aache daktari wake akijua.

Uzito nao: wastani kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka, nyingi zinaingia miezi 3 ya kwanza. Wastani unaficha mengi, kama asilimia 16 walipungua na asilimia 13 waliongezeka zaidi ya kilo 10. Nikotini ilikuwa inazuia njaa na kuongeza nishati inayochomwa hata ukiwa umekaa. Kuanza mlo mkali siku hiyo hiyo ya kuacha ni kujitafutia vita viwili, kwanza sigara itoke.

#22 Sumaku

Na shisha? Yale maji si yanachuja?

#23 Mama Nondo

Yanapoza, hayachuji. Makaa yanaongeza kaboni monoksaidi yake juu ya ile ya tumbaku. Anayeacha sigara akahamia shisha hajaacha kuvuta.

Sigara za kielektroniki usiulize, zitakula uzi wote. Kwa kifupi: majaribio yanaonyesha zenye nikotini zinawasaidia watu wazima kuacha kuliko plasta, na wengi wao wanabaki nazo. Asiyevuta hana sababu ya kuzigusa.

#24 Kijiti

Kwa wanaosubiri upasuaji: wiki 4 au zaidi kabla ndiyo zinaleta tofauti kwenye kupona kwa kidonda na matatizo ya mapafu. Ile dhana kwamba kuacha karibu na upasuaji ni hatari haina mashiko, hata zikibaki siku 2 kaboni monoksaidi itakuwa imetoka. Kwa mjamzito, mtoto wa anayevuta huzaliwa na upungufu wa wastani wa gramu 200 hivi; akiacha mapema, miezi mitatu ya mwanzo, uzito unakaribia wa mtoto wa asiyevuta.

#25 Kipimajoto

Shukrani wakuu, nondo zimeshiba. Limebaki moja. Wasiwasi. Watu wanavuta kwa sababu ya mawazo, wakiacha mawazo yanazidi. Hapo faida iko wapi?

#26 Dozi Kamili

Rudi kwenye hesabu ya #3. Kila saa moja au mbili nikotini inashuka, wasiwasi unapanda, anavuta, unashuka. Sigara inatibu ugonjwa iliouleta yenyewe. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2014 zilikuta walioacha wakidumu wiki 6 na kuendelea wana wasiwasi, huzuni na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta, hata wenye maradhi ya akili.

#27 Kijiti

Au waliofanikiwa kuacha ni wale ambao mambo yao yalikuwa yanatulia. Hakuna aliyepigiwa kura nani aache nani aendelee.

#28 Mchokonozi

Mama Nondo ataleta kahawa sasa hivi.

#29 Mama Nondo

Naileta. Anayetaka kujua kama tatizo lake ni kahawa apime: siku ya 3 ya kuacha apunguze nusu, plasta ibaki ileile, aangalie mikono na usingizi mpaka siku ya 6.

#30 Hesabu Kali

Kipimo kibovu. Dozi Kamili ameshasema kilele ni siku ya 2 au 3. Siku ya 6 atakuwa na nafuu hata akioga kahawa.

#31 Dozi Kamili

Basi apunguze kahawa wiki moja kabla ya kuacha, tuondoe utata.

#32 Mama Nondo

Wiki moja kabla ini lake bado linakimbia, kafeini itashuka mno, ataanza na kichwa cha arosto ya kahawa siku ambayo hata sigara hajagusa kuiacha. Nusu, siku ileile ya kuacha, si kabla. Na anayetumia clozapine asipime chochote peke yake, arudi #5.